Mjomba alitoboa, sisi tukabaki na mikeka

*"Shikamoo mama. Mimi na wenzangu wawili tunakaa Mwanga, hapa Kigoma. Toka 2019 kazi yetu ni kubeti tu, na hatubahatishi: tunasoma takwimu, tunafuatilia majeruhi, kodi ya chumba tunalipa kwa mikeka. Novemba 2021 mjomba wangu anayenunua mawese alituita. Alitaka kila mmoja wetu aweke milioni tatu tuingie naye kwenye mashine ya kukamua na stoo ya mafuta, watatu wetu tupate robo ya biashara. Wiki ileile tulikuwa tumekula milioni nne na laki nane kwenye mkeka. Tulimcheka kidogo, tukasema fedha yetu haiendi kulala kwenye madumu. Leo ana mashine mbili na Fuso, na jirani aliyeweka milioni tatu zake ameshapaua nyumba. Mjomba anasema nafasi bado ipo, ila fungu lilelile sasa ni milioni tisa kwa mtu. Mimi nina milioni mbili na laki nne. Nafikiria kuziweka zote kwenye mkeka mmoja wa odi nne, nipate mtaji, niingie kwa mjomba, halafu kubeti niache kabisa. Wenzangu wananiambia nitulie. Silali, mama. Tulikosea wapi, na hii njia ni sawa?"*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana ina hesabu nyingi kuliko ulivyodhani wakati unaiandika. Umeuliza mambo mawili: kosa lenu lilikuwa wapi, na huo mkeka wa odi nne uuweke au usiuweke. La tatu hujaliuliza, nalo ni kama kweli kubeti kunawalisha. Nitaanza na mkeka, yaani hilo dau moja la mechi kadhaa zilizounganishwa, kwa sababu huo unaweza kuuweka usiku huu kabla hujamaliza kunisoma.

Usiuweke. Na sikwambii hivi kwa kuwa kamari ni dhambi. Hilo sheikh wako au padri wako analiweza kuliko mimi. Nakwambia kama mtu aliyekaa na vitabu vya SACCOS zaidi ya miaka ishirini.

Chukua mechi ya watani wa jadi. Tuseme kampuni imetoa odi, yaani mara ngapi ya dau lako unalipwa ukishinda, za 2.50 kwa wenyeji, 3.10 kwa sare na 2.70 kwa wageni. Gawanya 100 kwa kila odi. Unapata 40, kisha 32.3, kisha 37. Jumlisha: 109.3. Lakini mechi haiwezi kuwa na matokeo ya asilimia 109. Hiyo tisa na ushee iliyozidi ndiyo mshahara wa kampuni, umefichwa ndani ya odi zenyewe. Maana yake, kwa kila shilingi 100 zinazowekwa kwenye mechi ile, wachezaji wote kwa pamoja wanarudishiwa kama 91 na nusu. Hakuna aliyeibiwa, ni bei ya huduma kama muuza soda anavyoongeza yake juu ya bei ya kiwandani. Tofauti ni kwamba bei ya soda unaijua kabla ya kulipa.

Sasa njoo kwenye mkeka. Ukiunganisha mechi tano za namna hiyo, mshahara ule unakatwa mara tano, kila mara juu ya kilichobaki. Hesabu inafika kwenye 64 kwa 100. Ndiyo sababu kampuni inakupa bonasi ukiongeza timu: kila timu unayoongeza inakata tena.

Odi nne unaweza kuzipata kwa mechi mbili za odi mbili mbili. Odi mbili inaonekana kama nusu kwa nusu, lakini ukitoa mshahara wa kampuni nafasi halisi ni kama 46 kwa 100. Mbili zitokee zote: 46 kwa 46, yaani kama 21 kwa 100. Kwa hiyo tuseme Mwanga nzima ina vijana 100 wenye milioni mbili na laki nne kama wewe, na kila mmoja anaweka leo mkeka wa namna hiyo kwa mechi zake. Kesho asubuhi 79 hawana kitu. Wale 21 wana milioni tisa na laki sita kwenye karatasi, na hapo serikali haijakata kodi yake ya ushindi, ambayo inaweza kuwashusha chini ya hiyo tisa yenyewe wanayoitafuta. Umeona? Hata ukishinda huenda usifike.

Utaniambia wewe si kama wale 100, wewe unasoma takwimu. Sawa. Mwaka 1956 mtafiti mmoja wa maabara za Bell huko Marekani, John Kelly, alitoa kanuni ambayo wacheza kamari wa kweli wanaitumia mpaka leo. Inajibu swali moja: ukiwa na faida juu ya mwenye mchezo, uweke sehemu gani ya mtaji wako? Kwa dau linalolipa mara mbili, kama nafasi yako ya kushinda ni 60 kwa 100, weka asilimia 20 ya mtaji. Kama ni 55, weka asilimia 10. Kama ni 50 au chini yake, usiweke kitu. Hakuna mahali kanuni hiyo inasema weka zote, isipokuwa uwe na uhakika wa mia kwa mia, na mwenye uhakika wa mia kwa mia habeti. Mtu anayeishi kwa mchezo huu akikuona umeweka mtaji wote kwenye mechi mbili, atajua mara moja kwamba hapo kazi imekwisha na kilichobaki ni hasira.

Sasa hilo linalokunyima usingizi. Unasema mlikosea. Mimi sina hakika kama mlikosea pale unapofikiri.

Kumbuka mwaka 2022 ulikuwaje. Februari vita vikaanza Ukraine, nchi ambayo dunia ilikuwa inaitegemea sana kwa mafuta ya alizeti. Kisha mwisho wa Aprili Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mafuta ya mawese duniani, ikazuia kuyauza nje ya nchi, na zuio likakaa mpaka tarehe 23 Mei. Bei ya mafuta ya kula ikaruka dunia nzima. Hapa kwetu unakumbuka mama wa nyumbani alivyokuwa anapimiwa mafuta kwa kijiko. Aliyekuwa na mapipa yamejaa stoo Kigoma miezi ile alilala na kuamka tajiri zaidi, bila kuongeza hata chikichi moja.

Mjomba wako ni mchapakazi, simwondolei hilo. Lakini Novemba 2021 hakuna mtu Mwandiga wala Ujiji aliyekuwa anajua kuhusu Indonesia. Kwa hiyo sehemu ya ile Fuso ni kazi ya mikono yake, na sehemu ni mkeka uliotiki. Uamuzi unapimwa kwa yale mliyoyajua siku mnaamua. Laiti bei ingeshuka mwaka ule, leo ungekuwa unasimulia jinsi mlivyoponyoka, na jirani yako angekuwa anatafuta mabati.

Hili si kosa la vijana wa Kigoma peke yao. Yupo Mmarekani mmoja, Edward Thorp, mwalimu wa hisabati wa chuo kikuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alionyesha kwa hesabu kwamba ule mchezo wa karata wa ishirini na moja, ambao makasino yalidhani hayawezi kushindwa, unashindika ukikumbuka karata zilizokwisha kutoka. Akaenda makasino, akatumia kanuni ileile ya Kelly, akashinda. Sidhani kama kuna mcheza kamari anayeheshimika kumzidi. Mwaka 1968 alikutana na mwekezaji Warren Buffett, wakacheza karata pamoja, na mwenyewe amesimulia kwamba alirudi nyumbani akamwambia mkewe kuwa yule bwana siku moja atakuwa tajiri namba moja Marekani. Alimwona kabisa! Lakini hisa za kampuni ya Buffett, Berkshire Hathaway, alianza kuzinunua mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katikati ya miaka ya 1960 hisa moja ilikuwa chini ya dola 20. Yeye aliingia ikiwa karibu dola 1,000.

Kwa hesabu ya majuto, huyo alichelewa kuliko wewe. Akanunua hivyohivyo, na hisa hiyohiyo imekuja kupita dola 600,000. Usinielewe vibaya, sisemi mjomba wako ni Buffett wa Kibirizi. Nasema bei uliyoikosa jana haikwambii chochote kuhusu bei ya leo, iwe kwa kuvutia au kwa kufukuza. Milioni tatu imekwenda. Swali lililobaki ni kama milioni tisa leo inafaa, na hilo lina majibu yake kwenye daftari la mjomba, nitalifikia.

Mwingine ni Ronald Wayne. Aprili 1976 alikuwa mmoja wa watu watatu walioanzisha kampuni ya kompyuta ya Apple, akiwa na asilimia 10. Siku 12 baadaye akajitoa, akalipwa dola 800. Watu wanamcheka mpaka leo. Wanachosahau ni kwamba miaka michache nyuma alikuwa amefungua biashara ya mashine za kamari Las Vegas, ikafa, akabaki analipa madeni yake. Na Apple wakati ule ilikuwa ubia wa kawaida: wenzake wangekopa wakashindwa, wadai wangemfuata yeye, maana yeye ndiye aliyekuwa na mali ya kukamatwa. Yeye hakuikimbia kompyuta. Alikuwa anakimbia deni la watu wengine. Mweke huyo akilini, tutamhitaji tukifika kwenye mkataba.

(Na mimi, kwa kuwa tunaambiana ukweli: miaka ya nyuma niliitwa ninunue kiwanja Gungu kwa fedha ambayo leo hainunui hata choo cha nyumba iliyojengwa pale. Nilikuwa nayo benki. Niliogopa nyoka. Kila nikipita na bajaji naangalia upande wa pili.)

Basi kama Novemba 2021 hamkukosea kwa kukosa kutabiri, kosa lilikuwa wapi? Lipo kwenye sentensi yako moja: "fedha yetu haiendi kulala kwenye madumu."

Anayeishi kwa kubeti anazoea fedha inayojibu baada ya dakika tisini. Ikichelewa mpaka Jumatatu anaona imelala. Mawese hayaendi hivyo. Msimu chikichi ikiwa nyingi bei inashuka, kila kaya inataka kuuza kwa sababu ada ya shule haisubiri. Msimu ukipita bei inapanda. Faida ya mwenye stoo ni uvumilivu wa miezi kadhaa ambao mkulima hawezi kuumudu. Kwa namba za mfano tu: milioni tatu ikinunua madumu 75 ya lita 20 kwa elfu arobaini, ukaja kuyauza kwa elfu sitini, umepata milioni nne na nusu, toa mapipa, stoo, upungufu na usafiri. Si fedha ya ajabu, lakini inatoka mahali unapopaona. Ninyi mliipima kwa saa ya mechi, ikaonekana imekufa.

La pili, fedha yenu haikuwa na chumba chake. Nikikuuliza Novemba ile mlikuwa na akiba kiasi gani nje ya mtaji wa kubeti, najua jibu. Milioni nne na laki nane mlizokula zilikuwa zenu watatu, yaani milioni moja na laki sita kila mmoja, na mjomba alikuwa anataka tisa. Hata mngekubali msingekuwa nazo! Hilo katika majuto yako umelisahau. Umejenga picha kwamba mlikuwa na fedha mkononi mkaikataa bahati, kumbe kwa hesabu yako mwenyewe mlikuwa mmebakiza nusu ya safari.

Wavuvi wa dagaa hapa Kibirizi wanaishi na kitu kama hicho na wamekijengea utaratibu. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti dagaa, kwa hiyo kila mwezi kuna siku mitumbwi inakaa pwani, na kila mwenye mtumbwi anajua fedha ya siku zile anaitoa kwenye siku za giza. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, waliokuwa na utaratibu huo walibanwa lakini walisimama. Ninyi ligi zikisimama Juni mnaishije? Mkijibu kwamba mnahamia mechi za nchi msizozijua, au zile za mashine ambazo timu zake si za watu, basi kazi yenu haina mbalamwezi, na kazi isiyo na siku ya kupumzika inakula mtaji wake.

Sasa lile swali ambalo hukuuliza. Unasema kodi ya chumba mnalipa kwa mikeka. Nakuamini. Lakini kodi inaweza kulipwa kwa mikeka huku mtaji unapungua, kama mtu anayekula mbegu na kusema shamba linamlisha. Kuna njia moja tu ya kujua. Simu yako ina historia yote: miamala ya kutuma kwa kampuni na ya kupokea. Kaa chini, andika mwezi kwa mwezi toka 2019 ulichotuma na ulichopokea. Usiandike ulichokula, andika kilichoingia na kilichotoka. Wengi niliowakalisha na zoezi hili walinyamaza kabla ya kufika mwaka wa pili.

Ukikuta umezidi, bado usishangilie. Kwa madau 100 ya odi mbili, mtu asiye na ujuzi wowote anaweza kuonekana amepata au amepoteza asilimia 10 kwa bahati tupu, na wala si ajabu. Hata kwa madau 1,000 bahati peke yake inayumbisha asilimia tatu huku au kule. Faida ya mtaalamu wa kweli mwenyewe ni asilimia chache tu. Ndiyo maana wenye ujuzi huo wanaandika kila dau, wanajali odi waliyoipata kuliko matokeo, na mara nyingi kampuni zikiwagundua zinawapunguzia kiwango cha kuweka. Kama kampuni yako haijawahi kukupunguzia na badala yake inakutumia ofa kila Ijumaa, tafakari inakuonaje.

Na kama daftari litaonyesha kweli una faida, nitakuwa mkweli pia upande huo: basi kukataa kwenu mwaka 2021 kulikuwa na hoja. Mtaji wa mcheza kamari wa kweli ni wavu wake. Huwezi kukata wavu katikati ukauze nusu. Mtu wa namna hiyo anaingia kwenye biashara kwa faida aliyoitoa nje ya mtaji, kidogokidogo, na haweki ndani fedha ya mchezo.

Tuje kwa mjomba. Robo ya biashara kwa watu watatu ni sehemu moja ya kumi na mbili kwa kila mmoja. Milioni tisa kwa sehemu hiyo maana yake anasema biashara nzima ni ya milioni 108. Mwaka 2021 alisema milioni 36. Inaweza kuwa kweli, mashine ni mbili na gari lipo. Lakini muulize, kwa adabu na bila haraka, mambo haya. Faida ya kila mwaka ilikuwa ngapi, na si ya 2022 peke yake. Kama faida ya mwaka wa kawaida ni milioni 24, fungu lako ni milioni mbili, na tisa zako zitarudi baada ya miaka minne na nusu. Kama ni milioni 10, itakuchukua zaidi ya miaka kumi, na mashine nazo zinachakaa. Muulize pia Fuso ni ya biashara au ni yake, na kama kuna mkopo juu yake. Mara nyingi mjomba anasema "gari letu" akiwa na maana ya gari la benki.

Muulize mafuta yanakaaje. Chikichi zikikaa muda mrefu baada ya kukatwa kabla ya kuchemshwa, au mafuta yakihifadhiwa yakiwa na maji, yanachacha na mnunuzi wa viwandani anashusha bei. Muulize kama mise, zile kokwa za chikichi, anaziuza au anazitupa, maana humo ndani mna mafuta mengine ya kutengenezea sabuni. Na muulize matunda anayapata wapi: wakulima wanaopanda ile michikichi chotara ya tenera inayotoka kituo cha utafiti cha Kihinga wana tunda lenye nyama nyingi na ganda la kokwa jembamba kuliko aina ya zamani ya dura, na hilo linabadilisha kabisa lita anazopata kwa kila gunia. Mjomba anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa haya. Akikasirika, umepata jibu lako bure.

Halafu Ronald Wayne. Mkiingia kwa mdomo, au kwa karatasi inayosema tu "tumeshirikiana", sheria inaweza kuwaona ni wabia, na madeni ya ubia yanamfuata kila mbia mpaka kwenye mali yake binafsi. Kama ni kampuni yenye dhima ya ukomo iliyosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, unachoweza kupoteza ni kile ulichoweka. Mwambie mjomba unaomba mwanasheria aandike: fungu ni lipi, faida inagawanywa lini, hesabu anakagua nani, na ukitaka kutoka unalipwaje. Najua kwetu kumpelekea mjomba mwanasheria ni kama kumtukana. Mtangulize mama yako akaongee naye kwanza, yeye ni dada yake na anajua pa kuanzia.

Milioni mbili na laki nne si haba, mwanangu. Huna sababu ya kuingia kwa tisa. Mwombe mjomba mkataba wa msimu mmoja tu: ununue mafuta yako mwenyewe kwa milioni moja na nusu wakati wa mavuno, umlipe kodi ya kuyaweka stoo kwake, uuze bei ikipanda. Huko utajifunza kupima, kuchuja, kugombana na madereva, na utajua kama una moyo wa kukaa miezi mitano bila kujibiwa. Ukishindwa umepoteza sehemu, hukupoteza yote. Laki tisa zinazobaki ziweke mahali ambapo kidole hakifiki usiku, kwenye akaunti ya muda maalumu au kwenye hisa za kikundi. Njia ya pili ni kukaa na wenzako mtengeneze kikundi kinachokubalika, muende halmashauri kuuliza mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani. Asilimia nne ni ya vijana na haina riba. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao wana ofisi hapa mkoani na mashine za kukamua wanazifahamu, kawaulize bei kabla hujaamini thamani ya mashine za mjomba.

Kuna jambo siwezi kulimaliza kwa maandishi. Umesema hulali. Kama ni usiku mmoja mmoja wa majuto, utapita. Lakini kama unabeti ili kurudisha kilichopotea, kama umewahi kukopa VICOBA ukadanganya sababu, kama umeuza kitu cha nyumbani, kama ukiahidi kuacha unadumu siku tatu, basi hesabu zote nilizokupa hazitakusaidia, kwa sababu shida imehama kwenye fedha. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, ulizia kliniki ya afya ya akili, au muone afisa ustawi wa jamii wa kata yako. Hawatakucheka, wanaona vijana wa namna hii. Iandikie kampuni ifunge akaunti yako, na simu ya miamala mpe mtu unayemwamini aishike kwa muda. Na kama majuto haya yamewahi kukufikisha kwenye wazo la kujidhuru, usisubiri miadi: mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, muende pamoja leo.

Wenzako waliokuambia utulie, wasikilize. Kwenye barua nzima wao ndio waliotoa ushauri uliokuwa na hesabu nzuri, hata kama hawakuihesabu.

Daftari la miamala ukilimaliza, hata likikuaibisha, lilete tulipitie. Njoo siku ya kazi, Jumamosi nakuwa shamba. Na kwa mjomba nenda asubuhi na mapema, kabla wakulima hawajaanza kupanga madumu mlangoni. Wakishafika hana muda wa kumfungulia mtu vitabu.